Programu za Aljebra: Jibu Sahihi kwa Swali Jingine

Programu za aljebra ya kompyuta ni zile zinazoshughulikia alama za hisabati zenyewe, yaani herufi, vipeo, vipeuo na milinganyo, bila kuzigeuza kwanza kuwa namba za desimali, na kwa sababu hiyo zinatofautiana kwa asili na kikokotoo cha kawaida anachobeba mwanafunzi wa sekondari. Kikokotoo kikipewa theluthi moja huiandika 0.3333333 na kuikata pale kioo kinapoishia, ilhali programu ya aljebra huiacha ikiwa 1/3, na ikiambiwa kuizidisha kwa 3 hurudisha 1 kamili. Kikokotoo hakiwezi kupanua (x + 1)¹⁰⁰, ilhali programu hiyo huandika vipande vyote 101 kwa muda usiofika sekunde moja. Maxima, SymPy, SageMath, Mathematica, Maple na sehemu ya aljebra iliyomo ndani ya GeoGebra ni miongoni mwa programu hizo, na kwa kuwa kadhaa kati yake hutolewa bure na nyingine hufanya kazi hata kwenye simu ya mkononi, swali la kama wanafunzi wa Afrika Mashariki wazitumie au wasizitumie limeshapitwa na wakati. Swali lililobaki, na ndilo zito, ni namna ya kuzitumia, kwa sababu programu ya aljebra hukosea hesabu mara chache sana, lakini mara nyingi hujibu kwa usahihi swali ambalo aliyeuliza hakukusudia kuliuliza.

Faida ya programu hizi haihitaji kutetewa kwa maneno mengi. Mwanafalaki Mfaransa Charles-Eugène Delaunay alitumia takriban miaka 20 ya karne ya 19 kuandika kwa mkono fomyula za mwendo wa mwezi unavyoizunguka dunia, miaka kumi ya kwanza akikokotoa na kumi iliyofuata akihakiki, na kazi yake ikatoka katika majuzuu mawili makubwa mwaka 1860 na 1867. Mwaka 1970 André Deprit, Jacques Henrard na Arnold Rom, waliokuwa katika maabara ya utafiti ya kampuni ya Boeing nchini Marekani, waliirudia hesabu hiyo kwa kompyuta kwa muda wa saa 20 hivi, na katika mamia ya kurasa za Delaunay wakakuta makosa matatu tu, mawili kati yake yakiwa yamezaliwa na lile la kwanza. Habari hii husimuliwa kama ushindi wa mashine, lakini inafaa isomwe kwa pande zote mbili: kompyuta iliokoa miaka 20, na wakati huohuo makosa ya Delaunay yalikuwa machache kiasi hicho kwa sababu nusu ya muda wake aliutoa kwa uhakiki. Watumiaji wengi wa leo wameichukua sehemu ya kwanza ya habari hiyo na kuiacha ya pili.

Hata kabla ya kazi ya Deprit na wenzake, kompyuta ilikuwa imeanza kufundishwa kutafuta integrali, yaani kupewa kasi ya kubadilika kwa kitu na kukitafuta kitu chenyewe, ambayo ni kazi ya kinyume cha kutafuta derivativu. Mwaka 1961 James Slagle, katika tasnifu yake ya uzamivu pale chuo cha MIT nchini Marekani, alitengeneza programu iitwayo SAINT iliyojaribu njia moja baada ya nyingine kama afanyavyo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, nayo ikatatua maswali 84 kati ya 86 iliyopewa. Mwishoni mwa muongo huohuo Robert Risch akaonyesha utaratibu usiobahatisha, ambao kwa kundi kubwa la funksheni za kawaida huamua kama integrali inaweza kuandikwa kwa funksheni za aina hiyohiyo au haiwezi kabisa. Kuanzia mwaka 1968 MIT ilijenga programu kubwa iliyoitwa Macsyma, na nakala yake iliyokuwa chini ya Wizara ya Nishati ya Marekani ikatunzwa tangu 1982 na William Schelter wa Chuo Kikuu cha Texas, ambaye mwaka 1998 alipata ruhusa ya kuitoa kwa umma chini ya leseni huria. Nakala hiyo ndiyo Maxima ya leo, ambayo yeyote anaweza kuipakua, kuitumia bila kulipa na kuisoma ndani ilivyoandikwa, jambo ambalo umuhimu wake utaonekana baadaye.

Mtumiaji mgeni hukwama kwanza kwenye uandishi, na mambo machache yanatosha kumvusha. Katika Maxima na SymPy, mashine haielewi 2x mpaka iandikiwe alama ya kuzidisha kati ya 2 na x, na ikiandikiwa xy bila alama hiyo huichukua kuwa jina la kigeu kimoja, yaani jina la namba moja isiyojulikana, na si zao la namba mbili. Katika Maxima, namba e ya logi asilia, i ya namba changamano na π hutanguliwa na alama ya asilimia, na anayesahau alama hiyo akaomba derivativu ya e kwa kipeo cha x ataletewa jibu lenye logi ya e ndani yake, kwa kuwa mashine imeidhani e kuwa herufi yoyote tu. Pembe hupimwa kwa radiani wala si kwa nyuzi, hivyo sini ya 30 hutoka karibu na −0.988 badala ya nusu. Kigeu kilichopewa thamani asubuhi huendelea kuibeba jioni kama kikao hakikufungwa, na hesabu nyingi zilizoharibika bila sababu ya kuonekana zimeharibiwa na thamani ya zamani iliyosahauliwa. Katika SymPy, iliyojengwa juu ya lugha ya Python, sehemu ya 1/3 ikiandikwa ovyo hugeuzwa na Python kuwa desimali kabla haijaifikia programu ya aljebra, na mtumiaji akashangaa kwa nini majibu yake yamejaa tarakimu 16 zisizopendeza. Dawa ni kuiandika kwa amri maalumu ya namba wiano, yaani namba inayobaki kuwa sehemu. Desimali hizo si kosa la sura tu, kwa sababu ndani ya kompyuta 0.1 haihifadhiwi kikamilifu, na ndiyo maana Python ikijumlisha 0.1 na 0.2 huandika 0.30000000000000004. Anayetaka usahihi wa aljebra aingize sehemu, na desimali aziombe mwishoni tu.

Yote hayo ni ya mazoea, na wiki moja ya kutumia programu huyamaliza. Ugumu wa kweli uko kwenye masharti ambayo hisabati ya darasani huyabeba kimyakimya na mashine haiyabebi. Mwanafunzi akiulizwa kipeuo cha pili cha x² ni nini, hujibu haraka kuwa ni x, na jibu hilo ni la kweli pale tu x isipokuwa hasi; kwa x = −3 jibu ni 3. Maxima hujibu kwa kuandika ukubwa wa x pasipo alama yake, yaani |x|, kwa kuwa kwa desturi yake huichukulia x kuwa namba halisi. SymPy huiacha √(x²) kama ilivyo, na watumiaji wengi hudhani imeshindwa, kumbe imekataa kusema uongo: kwa kuwa haikuambiwa x ni namba ya aina gani, inaacha nafasi kwamba x inaweza kuwa namba changamano, na kwa x = i kipeuo cha i² ni i, ilhali |i| ni 1, basi jibu la |x| lingekuwa kosa. Ikitangaziwa mwanzoni kwamba x ni namba chanya, SymPy huandika x bila kusita, na ikitangaziwa kwamba ni namba halisi huandika |x|. Programu hizo mbili hazipingani. Kila moja imejibu ndani ya ulimwengu wa namba iliouchagua, na ni wajibu wa muulizaji kujua ulimwengu huo ni upi. Ndivyo ilivyo pia kwa kipeuo cha tatu cha −8, ambacho mwalimu wa sekondari husema ni −2 na Maxima kwa mpangilio wake wa kawaida humkubalia, wakati SymPy na Mathematica huchagua kipeuo kingine kati ya vitatu vilivyopo, yaani 1 + i√3, kwa kufuata kanuni inayowafaa wanaoshughulika na namba changamano.

Sharti la pili linalofichika ni lile la hali za kipekee. Mlinganyo ax = b ukipewa programu nyingi hutoka x = b/a pasipo neno lolote kuhusu a kuwa sifuri, hali ambayo mlinganyo huo ama hauna jibu ama kila namba ni jibu lake. Programu hizi hujibu kwa ajili ya hali ya jumla, yaani kwa thamani karibu zote za herufi zilizomo, na mhandisi anayeichukua fomyula hiyo na kuiweka katika kazi yake pasipo kujiuliza kigawanyo kinaweza kuwa sifuri lini amejitega mwenyewe. Kuna mahali ambapo programu huonyesha adabu nzuri ya kihisabati: Maxima ikiombwa integrali ya x kwa kipeo cha n husimama na kumuuliza mtumiaji kama n ni sawa na −1, kwa kuwa fomyula ya kawaida hugawanya kwa n + 1 na huvunjika hapo, na SymPy hutoa jibu lenye matawi mawili, moja kwa kila hali. Wanafunzi wengi hulichukia swali hilo la Maxima na kulijibu kwa kubahatisha ili waendelee, ilhali ndilo swali bora kuliko yote ambayo kompyuta itawauliza katika masomo yao.

Integrali ya 1/x inastahili kuangaliwa peke yake, maana ndiyo inayozua ubishi mwingi kati ya mwanafunzi na mwalimu. Vitabu vya kidato cha sita huandika logi ya |x| na kuongeza namba C isiyobadilika. Maxima na SymPy huandika logi ya x peke yake, bila |x| na bila C. Kukosekana kwa C ni desturi tu, kwa kuwa mashine huleta integrali moja na kumwachia mtumiaji aongeze namba yoyote anayoitaka. Kukosekana kwa |x| nako si kosa, kwa sababu katika namba changamano logi ya namba hasi ipo, nayo hutofautiana na logi ya |x| kwa kiasi kisichobadilika ambacho ni π mara i, na kiasi kisichobadilika hupotea pale derivativu inapochukuliwa. Mwanafunzi anayenakili jibu hilo katika mtihani wa namba halisi atakatwa maksi kwa haki, na mwalimu anayesema kompyuta imekosea atakuwa amekosea yeye.

Yapo makosa yasiyoweza kutetewa hivyo, na mfano wake mzuri ni integrali ya 1/(2 + cos x) kutoka 0 hadi 2π. Njia inayofundishwa vyuoni ni kuweka tanjenti ya nusu ya x badala ya x, nayo huleta fomyula safi yenye tanjenti kinyume ya tan(x/2) ikigawanywa kwa √3. Derivativu ya fomyula hiyo ni 1/(2 + cos x) kamili, kwa hiyo uhakiki wa kawaida huipitisha. Lakini mwanafunzi akiweka 2π na kisha 0 na kutoa, hupata 0, jambo lisilowezekana kabisa, kwa sababu 2 + cos x haizidi 3, basi kinachojumlishwa hakishuki chini ya theluthi moja popote, na jumla yake kutoka 0 hadi 2π lazima izidi 2. Jibu la kweli ni 2π/√3, yaani 3.63 hivi. Kilichotokea ni kwamba fomyula ile huruka ghafla pale x inapofika π, ambapo tanjenti ya nusu yake haina thamani, na kanuni ya kuweka ncha mbili na kutoa hudai fomyula isiyoruka. Kwa miaka mingi programu mashuhuri zilianguka katika shimo hilo, mpaka David Jeffrey na Albert Rich walipochapisha mwaka 1994 njia ya kurekebisha integrali za aina hii zisiwe na mruko usiokuwamo katika swali. Programu za sasa hulijibu swali hilohilo vizuri, lakini anayechukua fomyula kutoka kwenye programu na kuweka ncha kwa mkono wake bado huanguka. Hakuna kinga bora kuliko mbili zilizo rahisi kabisa, ambazo ni kuchora grafu ya fomyula kabla ya kuitumia, na kukadiria kwa akili ukubwa wa jibu kabla ya kuliomba.

Wengine husumbuliwa na sura ya jibu zaidi ya ukweli wake. Mlinganyo x³ − 3x + 1 = 0 una majibu matatu, yote namba halisi, ambayo ni karibu 1.532, 0.347 na −1.879, lakini programu ikiombwa jibu kamili huweza kuleta vipeuo vya tatu vilivyojaa i, na mtumiaji akadhani ameletewa namba changamano. Rafael Bombelli alikwisha kulieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1572: fomyula ya vipeuo kwa mlinganyo wa kipeo cha tatu wenye majibu matatu halisi hupita kwenye namba changamano kisha hurudi, na i zote hufutana mwishoni. Kwa mlinganyo kama x⁵ − x − 1 = 0 hata fomyula hiyo haipo, na programu nzuri hujibu kwa kusema tu kwamba jibu ni kipeuo fulani cha mlinganyo wenyewe, kisha hukikokotoa kwa tarakimu zozote zinazotakiwa, 1.1673 na kuendelea. Jibu hilo halina upungufu wowote.

Kutokana na hayo huja ombi linalotolewa mara nyingi kuliko yote, yaani ombi la kurahisisha, nalo halieleweki kama inavyodhaniwa. Usemi, yaani fungu la alama za hisabati lisilo na alama ya sawasawa, hauna sura moja iliyo rahisi kwa kila kazi: (x¹⁰⁰ − 1)/(x − 1) ni mfupi kuuandika, na ukigawanywa kikamilifu huwa jumla ya vipande 100 isiyo na kigawanyo, na ni kazi inayofuata ndiyo huamua ipi ni rahisi. Mwaka 1968 Daniel Richardson alithibitisha jambo zito zaidi, kwamba kwa aina fulani ya semi zenye π, sini, vipeo vya e na |x|, hakuwezi kuwapo utaratibu wowote wa kompyuta utakaoamua kila mara kama usemi ni sawa na sifuri au la. Uthibitisho huo hauhusu udhaifu wa programu za wakati ule, maana kikomo hicho ni cha hisabati yenyewe, na hakuna kampuni itakayokivuka. Kwa hiyo amri ya kurahisisha ni ya kubahatisha kwa asili yake, na mtumiaji mwenye busara huiacha na kutaja anachokitaka: panua, tafuta vigawo, kusanya kwa vipeo vya x, unganisha sehemu chini ya kigawanyo kimoja.

Lililo karibu na hilo ni tatizo la majibu mawili yasiyofanana. Integrali ya sin x mara cos x hutoka katika programu moja kuwa nusu ya sin² x, katika nyingine kuwa nusu ya cos² x yenye alama hasi, na katika kitabu kuwa robo ya cos 2x yenye alama hasi, na zote tatu ni sahihi kwa kuwa zinatofautiana kwa namba isiyobadilika tu. Njia ya kuhakiki ni kutoa jibu moja kutoka kwa jingine na kuweka namba chache zisizo na mpangilio, kama 0.37 au 2.91, badala ya 0, 1 au π ambazo kwa urahisi wake huficha tofauti. Tofauti ikitoka ileile kila mara, majibu yanakubaliana kwa uwezekano mkubwa. Ikibadilika hata mara moja, ama moja kati yake ni kosa ama mojawapo huruka mahali fulani.

Neno uwezekano hapa limewekwa kwa makusudi. David na Jonathan Borwein walieleza mwaka 2001 mfululizo wa integrali, kutoka 0 hadi pasipo mwisho, unaoanza na sin x gawanya kwa x, ambayo ni π/2, kisha huzidishwa kwa kipande cha aina hiyohiyo chenye x/3, halafu x/5, na kuendelea kwa namba witiri. Kila mara jibu ni π/2, hadi kipande cha x/13. Kikiongezwa cha x/15, jibu hupungua chini ya π/2 kwa kiasi cha takriban 2 kwa sehemu bilioni mia moja. Anayeliona jibu hilo kwenye kompyuta, likiwa sehemu ya tarakimu 30 juu na 30 chini ikizidishwa kwa π, hudhani programu imeharibika, na anayelihakiki kwa tarakimu kumi za desimali huridhika kwamba ni π/2. Wote wawili hukosea, kwa kuwa sababu ni ya kweli na ya wazi: jumla ya 1/3, 1/5 na kuendelea hadi 1/13 haifiki 1, na ikiongezwa 1/15 huvuka. Mshangao peke yake si ushahidi dhidi ya mashine, na ulinganifu wa desimali chache si ushahidi kwa upande wake.

Upo pia upande wa pili, ambapo mashine hukosea kweli. Mwaka 2014 wanahisabati watatu wa Hispania, Antonio Durán, Mario Pérez na Juan Luis Varona, walieleza katika jarida la Chama cha Hisabati cha Marekani jinsi programu moja maarufu ya biashara ilivyowapa ditaminanti zisizo sahihi za matriksi zenye namba kamili kubwa sana, ditaminanti ikiwa ni ile namba moja inayokokotolewa kutoka katika jedwali la mraba la namba. Matriksi ileile ilipoulizwa mara mbili ilitoa majibu mawili tofauti, na hilo lilitokea katika kazi ya namba kamili, ambako hakuna desimali ya kusingizia. Waligundua kwa kulinganisha na programu nyingine, na kwa kuwa ile ya kwanza imefungwa, hawakuweza kuisoma ndani ili wajue kosa lilipo. Hapo ndipo thamani ya programu huria inapoonekana, kwa maana matokeo ya utafiti yanayotegemea hatua isiyoweza kukaguliwa na mtu yeyote hayajafikia kiwango cha uthibitisho. Kila hesabu yenye uzito ipitishwe katika programu mbili zilizoandikwa na watu tofauti, na angalau moja kati yake iwe huria.

Mara nyingine mashine haikosei bali hukwama bila kutoa jibu, na kuhusu hilo yatosha kusema kwamba semi za katikati huweza kuvimba kupita kiasi hata pale swali na jibu vyote vikiwa vifupi, na kwamba kusubiri usiku kucha hakusaidii sana ikilinganishwa na kuweka namba mahali pa herufi zisizo za lazima, au kuligawa swali vipande.

Katika shule za Tanzania muhtasari wa Hisabati ya Juu uliotumika kwa miaka mingi ulianza na mada ya vifaa vya kukokotolea, na maelekezo ya mtihani wa kidato cha sita huruhusu tu vikokotoo visivyoingizwa programu. Katazo hilo ndani ya chumba cha mtihani lina sababu zake nzuri, kwani anayetahiniwa ni mwanafunzi. Kosa ni kulitoa katika chumba cha mtihani na kulipeleka darasani na nyumbani, ambako mwanafunzi anazo programu hizi mfukoni na huzitumia kwa kujificha, bila mtu wa kumweleza kwa nini jibu la simu halina C. Zoezi linalosema tafuta integrali hizi kumi halipimi tena chochote likifanyiwa nyumbani. Zoezi linalompa mwanafunzi jibu la programu na kumtaka aeleze ni kwa thamani zipi za n jibu hilo ni kweli, au aonyeshe mahali fomyula inaporuka, hupima hisabati yenyewe, nalo halihitaji zaidi ya kompyuta moja ya mwalimu na ubao.

Chuo Kikuu cha Maseno nchini Kenya kimeonyesha njia nyingine. Kimetumia katika madarasa yake makubwa mfumo huria uitwao STACK, ulioanzishwa na Chris Sangwin nchini Uingereza, ambao humpa kila mwanafunzi swali lenye namba zake na kusahihisha jibu kwa kutumia Maxima. Mfumo huo haulinganishi herufi za jibu na herufi za mwalimu, bali huuliza kama majibu mawili ni sawa kialjebra, na kwa swali la integrali huweza kuchukua derivativu ya alichoandika mwanafunzi na kuona kama inarudi kwenye swali, kiasi kwamba majibu yote matatu ya sin x mara cos x hupokelewa. Mwalimu mwenye wanafunzi mia kadhaa, ambaye kwa kalamu angesahihisha zoezi moja kwa mwezi, huweza kutoa kila wiki, na mwanafunzi hujua papo hapo alipopotea.

Haifai, katika hali hiyo, vyuo kuwazoesha wanafunzi programu za bei kubwa ambazo wataziacha mlangoni siku ya mahafali, au nakala zake zilizovunjwa ulinzi, wakati Maxima, SymPy, SageMath na GeoGebra zinapatikana bila malipo na zinatosha kwa karibu yote yanayofundishwa katika shahada ya kwanza. Walimu wa hisabati wa vidato vya juu na wahadhiri wa mwaka wa kwanza waanze muhula ujao kwa kipindi kimoja cha Maxima darasani, waombe integrali ya x kwa kipeo cha n, na pale mashine itakapouliza kama n ni −1, wawaachie wanafunzi wajibu na watoe sababu.